Ulimbwende wa Marekani, Jumamosi Saa Nane

Jumamosi, 2 Agosti

Mhadhara wa kwanza, chumba cha juu cha maktaba, Lidcombe. Mada: maandishi ya walowezi wa mwanzo wa Marekani. Mahubiri, dhambi, baridi. Watu wanne. Mmoja alikuwa amekosea chumba. Nilisoma mahubiri ya moto wa jehanamu kwa sauti inayostahili. Marie-Jeanne wa kwaya alisema amina, kisha akauliza kama kuna chai. Hakukuwa na chai.

Gakii, msimamizi wa vyumba, akaniita pembeni. Mwalimu Bisimwa, akasema, Jumamosi ijayo usipofikisha watu kumi na watano, chumba nampa Mzee Owuor na wenzake wa drafti. Drafti! Miaka kumi na minane nilifundisha fasihi ya Marekani pale Bukavu. Katika Sydney nzima, hapo tu ndipo ninapoitwa mwalimu. Chumba sikitoi.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimekutana na Owuor stesheni. Akauliza, hao walowezi wako vipi, bado wanaomba? Nikamjibu kwamba baada yao zinakuja zama za akili, ambazo yeye hazimhusu. Akasema watu wa zama hizo waliandika kwamba binadamu wote ni sawa, huku wakimiliki watu. Hoja hiyo ilikuwa yangu, ukurasa wa tatu wa mhadhara. Nimeifuta.

Jumatano, 6 Agosti

Mpango! Naziruka zama za akili. Naenda moja kwa moja kwenye kipindi kitamu: misitu, hisia, mtu na nafsi yake, vizuka katika nyumba kuukuu. Wanafasihi wa Kiswahili hukiita ulimbwende. Nimebandika matangazo kanisani na kwenye duka la unga, Fairfield: ULIMBWENDE WA MAREKANI. JUMAMOSI SAA NANE. WOTE KARIBUNI.

Mjukuu wangu Divine aliuliza maana ya neno. Nikamwambia atafute. Akatafuta kwenye simu, akacheka sana, akajibu kwa Kiingereza kwamba babu usijali, watu watakuja. Mtoto ana imani na fasihi.

Jumamosi, 9 Agosti

Watu arobaini na mmoja! Viatu virefu. Clifford, mmoja wa wacheza drafti, na kofia ya mchunga ng'ombe. Marie-Jeanne, ndani ya gauni la nyota na milia, aliuliza jukwaa liko wapi na jaji ni nani. Ndipo nikaelewa. Kwangu ulimbwende ni mkondo wa fasihi. Kwao, na kwa simu ya Divine, ni mashindano ya urembo.

Ningeweza kusema ukweli. Lakini Gakii alikuwa mlangoni, anahesabu. Nikasema jaji ni mimi.

Kwa heshima ya taaluma niliweka sharti: kati ya mshindani na mshindani, nasoma ukurasa mmoja wa mhadhara. Vizuka, wakacheka. Mtu aliyejitenga msituni, wakauliza nani alimpikia. Kisha simulizi za waliotoroka utumwa. Nikaeleza kwamba nyingi huanza na neno nilizaliwa, na mara nyingi mwandishi hajui tarehe.

Marie-Jeanne akasema, taratibu, kwamba yeye fomu zake za ukimbizi zinasema alizaliwa Januari mosi, kwa sababu afisa alichoka kungoja. Wengine wanane wakainua mikono. Januari mosi, wote. Mimi tarehe yangu naijua, fomu ndiyo iliyokosea. Sikuinua mkono. Jaji hainui mkono.

Mshindi: Owuor. Alikuja kunicheka, amevaa suti aliyoolea. Umati ukasimama. Utepe nilimvika mwenyewe.

Jumapili, 10 Agosti

Gakii amepiga simu. Chumba kimebaki! Kikundi kimeandikishwa kwa jina la Ulimbwende. Mwenyekiti, Marie-Jeanne. Mshauri wa mavazi, Owuor. Mimi nina dakika kumi, kabla ya chai. Marie-Jeanne ameomba nirudi na zile kurasa za nilizaliwa, na kila mmoja aanze yake. Mwalimu atuongoze, amesema.

Dakika kumi! Nimekataa.

Nina mpango bora. Kipindi kinachofuata ni uhalisia. Neno baridi, halileti mtu. Lakini likiandikwa uhalali, kila anayesubiri karatasi za ukaazi, kutoka Minto hadi hapa, atapanda zile ngazi mbio. Ni herufi chache tu. Kesho naenda kwa mpiga chapa. Safari hii hakuna atakayeelewa vibaya.