Vita vya Dari ya Sebuleni

Hakuwa na ngazi, bali meza ya chakula na stuli iliyopandishwa juu yake. Hakuwa na miwani nzima. Mkono mmoja wa miwani hiyo ulikuwa uzi. Hakuwa na goti la kulia la kuaminika, wala hakuwahi kupaka rangi kitu kipana kuliko kibao cha jina mlangoni. Hakuwa na ruhusa ya mkewe. Na muda aliopewa ulikuwa siku mbili.

Basi nyamazeni, enyi wenye dari nanyi mlalao mkitazama mabati, niwasimulie habari za Daftari, mwana wa mshona viatu, aliyehitimu shule ya jioni akiwa tayari ana wajukuu wawili.

Dari ile haikuwa laini kama dari za watu wapole. Fundi wa zamani aliirushia plasta ikasimama vipele vipele, maelfu kwa maelfu, kama jeshi lililopiga kambi kichwa chini; kila kipele kilivaa kofia ya masizi ya jiko la mafuta ya taa, na katikati yao buibui walikuwa wamefunga kamba za mahema. Jumatano alikuja kaka wa mkewe, fundi rangi wa miaka thelathini, akainua macho, akacheka hadi akaweka kikombe chini.

"Shemeji, hii ni dari au kitako cha sufuria? Jumamosi nakuja kuipaka. Wewe utanishikia ngazi, kama kawaida yako."

"Nikushikie ngazi ndani ya nyumba yangu?"

"Basi imalize kabla sijaja, uniandikie barua, si wewe ndiye msomi? Nitakuita Fundi mbele ya mtaa mzima. Ila sikia: vipele havisuguliwi, vinabembelezwa."

Maneno ya mwisho hayakumfikia Daftari, kwa maana hasira ilikuwa imekwisha kuziba njia.

Alhamisi asubuhi shujaa alipanda mezani, ufagio mkononi kama mkuki, akawafukuza buibui kizazi hata kizazi. Kisha akachovya tambara ndooni, akaisugua dari kama asuguaye sufuria, maji yakimtiririka hadi kwapani.

"Baba watoto, shuka," alisema mkewe kutoka kitini.

"Simba hashuki windoni!"

"Haya. Aliye juu mngoje chini. Mimi nimeshakaa."

Hakungoja sana. Plasta iliyolowa ikalegea, na kipande cha ukubwa wa sinia kikamwangukia utosini, na juu ya mlango pakabaki uwazi mweupe wenye upara. Daftari akashuka, mweupe kama mzuka, akaketi sakafuni. Aliiona Jumamosi ikija na ngazi begani.

"Jumamosi bado," mkewe akasema, akimpangusa nyusi kwa kanga. "Na plasta ipo, ile iliyobaki tulipoziba bafuni."

Daftari akainuka, akapanda tena. Akaipaka plasta penye upara. Lakini ilikaa laini, na vipele vingeinuliwa na nini? Akavua ndala yake ya kushoto, akaigonga juu ya plasta mbichi na kuibandua, akagonga na kubandua, na tazama, vipele vikainuka kama askari waliosikia baragumu! Pigo la mwisho tu, goti lilipomsaliti, ndala ilizama nzima, kisigino na vidole.

Ijumaa, plasta ilipokauka, akaikabili dari kwa rola ya manyoya marefu, akienda huku na kurudi kule ili rangi iingie kila bonde, na hakusugua: alibembeleza. Saa kumi alasiri kipele cha mwisho kikawa cheupe.

Akaketi, akaandika: "Shemeji, dari imesalimu amri. Usibebe ngazi. Karibu chai."

"Andika na habari za ndala," mkewe akasema.

"Lazima?"

"Kaka yangu ana macho."

Akafikiri kama afikirivyo mtu mbele ya mtihani, kisha akaongeza: "Juu ya mlango utaona sahihi yangu. Ni namba tisa, mguu wa kushoto. Wako, Fundi."

"Si nimpigie simu tu?"

"Mama watoto, historia haipigiwi simu."

Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka tangu zamani. Basi akachovya kidole gumba katika tone la mwisho la rangi nyeupe, akaigandamizia bahasha muhuri, akaipuliza ikauke, akamkabidhi mkewe. Naye akajifunga kanga, akavuka mitaa mitatu kwenda kwa kaka yake, akicheka njia nzima, ameishika barua kwa mikono miwili.