Sombe ya Mwamuzi

Alhamisi, 9 Oktoba

Papa Mirindi amelazwa tena. Figo. Daktari amesema mambo si mazuri, tujiandae. Nimelia kwenye treni toka hospitali hadi karibu na Penrith, kisha nikaanza kuifikiria fimbo.

Ile ya kuongozea bendi. Papa ndiye aliyeianzisha bendi yetu ya matarumbeta pale kanisani, tulipokuwa bado wageni wa nchi hii, akatufundisha mmoja mmoja. Jumamosi tunakwenda kwenye mashindano ya gwaride katika kijiji kimoja huko milimani. Baadaye atamtaja mrithi wa fimbo. Ameomba jambo moja tu, asikie tumeshinda kabla hajafa. Hatujawahi kushinda popote!

Mrithi halali ni mimi, Wilondja. Ngoma kubwa. Mtu wa kwanza kujiunga. Anayenikera ni Mwiti, nesi Mkenya, aliyekuja juzi tu na tarumbeta yake na upole wake. Wanasema anapuliza vizuri. Hata feni hupuliza.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimegundua kitu! Gwaride likiisha, kila bendi hupiga wimbo mmoja uwanjani, na mwamuzi hukaa kafungiwa ndani ya karavani, nyumba ya kukokotwa na gari, yenye mapazia. Anasikiliza tu, kutwa nzima, peke yake. Maskini mzee wa watu! Kwetu mgeni wa heshima hakalishwi gizani bila sahani. Miaka yote bendi hizi hazijamjali. Nitamjali mimi.

Baada ya kazi ghalani nimepita Auburn, nikanunua sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa na kugandishwa, na samaki mkavu. Nicole, mke wangu, amepika huku amenuna. Ameniuliza kama hii si hongo. Nimemjibu kwamba hongo ni pesa, chakula ni utu. Akasema basi utu huo niupeleke hospitali, Papa hajala kitu tangu juzi. Nicole haelewi muziki.

Jumamosi, 11 Oktoba

Balaa.

Gwaride lilikwenda vizuri ajabu. Wazee wa kijiji kwenye viti vya kukunja walitupigia makofi barabara nzima. Kabla ya zamu yetu uwanjani nikachomoka na sufuria. Nikapiga hodi kwenye karavani. Nikapiga tena, labda alikuwa anavaa. Kisha nikajitambulisha kwa heshima zote kupitia pazia: jina langu, la marehemu baba yangu, la bendi, wimbo tutakaopiga, na kwamba ngoma atakayoisikia ni yangu. Mtu ataingiaje kwa mtu bila kujitaja?

Ndani sauti ikasema, “Oh no.”

Mama mmoja wa koti la njano akaja mbio. Kumbe mapazia yale ni ili mwamuzi asijue nani anapiga. Tukaondolewa kwenye mashindano kabla hatujapuliza hata mara moja!

Walituruhusu kupiga bila alama. Mwiti akapuliza wimbo wa Papa, watu wakavua kofia. Tungeshinda. Hilo naliandika hapa tu, silisemi.

Ndani ya basi hakuna aliyekubali kukaa nami. Ila sombe waliimaliza.

Jumapili, 12 Oktoba

Bendi ilikubaliana Mwiti ndiye akamweleze Papa ukweli. Nikamwahi. Papa akijua ya karavani, fimbo nitaisikia kwenye bomba. Nikashuka Parramatta, nikanunua kombe kwenye duka la mitumba. La mashindano ya kuogelea, lakini maandishi nikayakwangua.

Nikamwambia, Papa, tumeshinda! Akalishika kwa mikono miwili, akalia. Mimi pia nililia, sijui kwa nini. Akataka kusikia yote. Nikamsimulia gwaride, makofi, kofia zilizovuliwa. Nikanogewa. Akauliza nani alipuliza wimbo wake. Uongo ukaniishia pale pale, nikasema Mwiti.

Basi fimbo ni ya Mwiti, akasema, amenipa ushindi wangu.

Na Mwiti mwenyewe akawa amesimama mlangoni, amekuja na ukweli wake. Akaona kombe. Akamwona Papa jinsi alivyolikumbatia. Akaumeza ukweli. Papa akaniagiza nimkabidhi fimbo kwa mkono wangu, mimi mtoto wake wa kwanza katika bendi. Nilimkabidhi.

Jumatano, 15 Oktoba

Papa Mirindi amefariki alfajiri. Sikuenda kazini. Nimeifuta ngoma vumbi, nikaifuta tena.

Jumamosi, 25 Oktoba

Tumemzika na kombe lake kifuani. Mwiti mbele na fimbo, mimi nyuma kabisa. Nilipiga ngoma mpaka bega likafa ganzi. Sikutaka iishe, maana nani sasa atanifokea nikiwahi pigo?

Makaburini Mwiti alinivuta pembeni. Akasema habari ya kombe itabaki kati yetu. Akasema mwakani tutarudi kijiji kile kile, tumshindie Papa kweli, na kazi yangu ni kupiga ngoma tu. Nikamwambia nimeelewa, na nimeelewa kweli. Nimekaa na kosa langu wiki mbili nzima, sasa naliona wazi. Sombe ina harufu kali, na mwamuzi hakuizoea.

Mwakani nampelekea kuku.