Kitengo cha Kutozima Greda

Ofisi yetu ina furaha isiyo kifani kuutangazia umma kwamba greda tulilonunua likiwa limeshatumika linawaka kila siku ya kazi. Wanaosema haliwaki ni wachochezi. Linawaka. Linahitaji tu makaa, kipepeo cha kupepea moto, na mtu mwenye cheo kinachofaa.

Mimi ndiye Katibu wa Kamati ya Ununuzi wa Mitambo Iliyotumika, kwa hiyo sisimuliwi na mtu. Greda lilitafutwa kwa ajili ya barabara ya sokoni, ambayo mvua ilikuwa imeichimba ikabaki makorongo. Dada yangu ni mwoka mikate. Kila alfajiri mkokoteni wake ulipinduka palepale, na mikate ikaoga tope. Wateja wakaanza kumkimbia.

"Mdogo wangu," aliniambia, "mambo yakienda hivi nafunga tanuri. Na wewe si umo humo ofisini? Hata haya huna?"

Haya ninayo. Nikaitisha kikao.

Kikao kikaazimia tusinunue kijinga. Mtu mmoja akienda yadi ya mitambo peke yake anaweza kudanganywa. Wakienda wajumbe kumi na mmoja wanadanganywa kwa pamoja, na huo ndio uwajibikaji. Tukamwandikia mwenye yadi tukimjulisha siku, saa na viti vitakavyohitajika. Mkurugenzi wetu akaongeza kwa mkono wake mwenyewe kwamba tukute mtambo ukiwaka, kwani si itifaki mgeni rasmi asimame juani akisubiri injini.

Tulilikuta likinguruma. Rangi yake ya manjano ilikuwa mpya kiasi kwamba mjumbe mmoja aliliegemea akaondoka na kipande chake mgongoni. Mwenye yadi alitupokea kama wakwe, soda mkononi, tabasamu mpaka masikioni.

"Linawaka vizuri?" Mkurugenzi akauliza.

"Mheshimiwa, si unalisikia?"

"Nalisikia."

"Basi!"

Yule mjumbe wa rangi akaomba lizimwe kidogo ili hotuba isikike. Mwenye yadi karibu adondoshe soda. "Aa, hapana jamani! Kulizimia wageni ni utovu wa adabu!" Tulifurahi kukutana na mfanyabiashara mwenye malezi. Mkurugenzi akaweka kiganja juu ya boneti, akafumba macho kama tabibu.

"La moto," akasema. "Lina uhai. Na wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hili halijatembea hata hatua moja. Nunueni."

Tukanunua. Greda likaletwa ofisini likinguruma, na dereva, bila kushauriana na mtu, akalizima akaenda kula.

Kesho yake ilikuwa uzinduzi. Utepe umefungwa, mkasi uko kwenye sinia, Mkurugenzi kavaa suti ya mazishi na harusi. Dereva akapiga selfu kuliwasha. Kimya. Akapiga tena. Greda likakohoa mara moja, likanyamaza. Mkurugenzi akakata utepe hivyohivyo, tukapiga makofi.

Nilimpigia simu mwenye yadi. Sijawahi kukutana na mtu mkweli kama yule.

"Ndugu Katibu, mliandika mnataka la moto, nikawapa la moto. Nilikoka makaa chini ya injini tangu alfajiri, mpaka macho yakavimba kwa moshi. La baridi hamkuniuliza."

Makaa tukayapata kwa dada yangu. Nilikwenda na karai mwenyewe, nikayachota tanurini mwake huku akinitazama. Greda likawaka, na ofisi nzima ikashangilia. Siku hiyohiyo Mkurugenzi akaunda Kitengo cha Kutozima Greda, akawapangia kazi huko wote aliokuwa amewakasirikia. Kazi yao ilikuwa kulinda muungurumo, kwa zamu, usiku na mchana. Barabarani halikwenda. Mkurugenzi alifafanua kwamba likizimikia kule tutaaibika, ilhali hapa uani linaonekana na wote likiwaka.

Dada akaniuliza, "Greda lipo?"

"Lipo."

"Linawaka?"

"Mchana kutwa."

"Na barabara?"

"Iko kwenye mchakato."

Alicheka mpaka akaegemea meza ya kukandia unga. "Haya bwana! Funika kombe mwanaharamu apite. Hebu niambie, huyo wa yadi aliwapigaje watu wazima kumi na mmoja?"

"Alijua tunakuja."

Akaacha kucheka. Akawa anakanda unga taratibu, ananitazama. Namjua dada yangu tangu utotoni. Akinyamaza hivyo, mtu ataumia. Siku chache baadaye akaniambia tu, "Kesho wahi kazini." Sikuuliza kwa nini.

Sasa, umma uelewe kwamba ofisi yetu hukaguliwa mara kwa mara na kila mara hufaulu. Taarifa hutufikia mapema. Tunapaka kuta chokaa, tunapanga mafaili mezani, na Mkurugenzi huwa kitini kabla ya ndege kuamka. Safari hii Mkaguzi Mkuu, mama mfupi asiyecheka, alikuja asubuhi kwa miguu, ameshika mkokoteni wa mikate upande mmoja na dada yangu upande wa pili. Viatu vyake vilikuwa tope mpaka vifundoni.

"Mkurugenzi yuko wapi?" akaniuliza.

"Yuko njiani, mama."

Akaingia ofisini kwa Mkurugenzi, akaweka kiganja juu ya kiti.

"Baridi."

Akaingia kwa msaidizi wake. "Baridi." Akaenda chumba cha mikutano, akavigusa viti vyote vya Kamati, kimoja baada ya kingine, akitikisa kichwa. Mwisho akagusa birika.

"Hili la moto."

"Ni langu, mama."

Mkurugenzi aliingia jua likiwa limeshapanda, akipiga mluzi. Alipomwona mama yule, mluzi ukakatika. Akafungua mdomo. Kimya. Akafungua tena, akakohoa mara moja, akanyamaza.

"Hatu... hatukuletewa taarifa," akasema hatimaye.

"Huyu mwoka mikate alinionya nisilete. Alisema mkijua nakuja, nitawakuta mmeshapashwa." Akageukia dirishani. "Na lile greda linamwakia nani?"

Mchana huohuo likaamriwa kwenda barabara ya sokoni, na kabla ya jioni makorongo yakawa hadithi. Mkokoteni wa dada yangu sasa unateremka wenyewe, na tanuri halifungwi. Nilipouona unapita bila kuyumba nililia kidogo, jambo ambalo halimo katika kumbukumbu za kikao.

Greda sasa linazimwa kila jioni ili kuokoa dizeli. Wafanyakazi wa Kitengo wamerudishwa idara zao, na nafasi yao yote imejazwa na aliyekuwa Mkurugenzi, kwa kuwa ndiye mwanzilishi. Kila alfajiri huenda kwa dada yangu na karai kuomba makaa ya kupashia injini. Leo alimkuta dada ndiyo kwanza anapanga kuni.

"Pole, mheshimiwa," dada akamwambia. "Tanuri bado la baridi. Si ungetuma taarifa tukupashie?"