Hafla ya Kuiokoa Diski

Idara ya Mafaili ya Watumishi, hapa Cape Coast, inapenda kuutangazia umma kwamba kompyuta yake haikuharibika wakati wowote. Ilikuwa na kikohozi tu. Mimi, Kojo Bentsil, Afisa Itifaki Mwandamizi, nilikuwepo tangu kikohozi cha kwanza mpaka Mkurugenzi alipokaa kwenye benchi la nje, na nitaeleza yote kwa utaratibu, kwa sababu huko sokoni Kotokuraba watu wanasimulia ovyo na wanacheka mno.

Mkurugenzi wetu, Dakta Ebo Arkorful, ni mtu wa mageuzi. Aliamuru mafaili yote ya walimu, wauguzi na makarani yaingizwe kwenye kompyuta moja. Makaratasi tuliyauza kwa kilo, na hadi leo ukinunua karanga sokoni unaweza kusoma barua ya kuajiriwa ya mtu ukishazimaliza. Kisha akatoa waraka: mtumishi ni yule mwenye faili kwenye kompyuta. Asiye na faili hajawahi kuajiriwa, isipokuwa alete shahidi mwenye faili, atakayesikilizwa katika kikao halali chenye mwenyekiti. Waraka huo niliuandika mimi, yeye akatia sahihi.

Suala la kuweka nakala ya pili lilijadiliwa. Tuliona kwamba kuweka nakala ni kumwambia Mkurugenzi usoni kuwa hatumwamini.

Diski ilipoanza kukohoa, ta-ka, ta-ka, tulichukua hatua mara moja. Faili la Mkurugenzi lilikuwa limewekwa peke yake, mahali tulipopaita Meza Kuu. Nikaagizwa nilifungue kila asubuhi kabla ya chai, kuhakikisha kwamba lipo. Kila nilipolifungua, diski ilikohoa zaidi. Nilidhani inamwamkia.

Hapo ndipo alipokuja Anti Araba Eshun, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye nyonga mbovu na sauti nzima.

"Mwanangu Bentsil, nimestaafu tangu Pasaka. Pensheni yangu iko wapi?"

"Anti, ili mtu astaafu ni lazima kwanza awe ameajiriwa. Faili lako halifunguki."

"Huyo bosi wako nilimfundisha mimi kuandika jina lake!"

"Hakuna anayebisha, Anti. Ila ulimfundisha bila faili."

Akaniangalia kama ninavyokumbuka walimu walivyokuwa wakiniangalia. Alikuwa anaishi kwa kuuza vitambaa vyake, vile ambavyo mama wa kwetu huviweka sandukuni maisha yake yote. Kila wiki kilitoka kimoja, na sanduku lilikuwa linakaribia kubaki na harufu ya naftalini tu. Kusema kweli nilimhurumia, lakini huruma haikuwa katika majukumu yangu.

Mkurugenzi alikubali aitwe fundi. Akaitwa Ekuwa Ackon, mwanamke wa Kotokuraba anayetengeneza simu na kompyuta na kumtukana kila mteja kwa bei ileile. Aliingia kwenye ukumbi wa hafla na waakye yake mkononi, wali uliopikwa na maharage, akausikia mlio wa diski akiwa bado mlangoni.

"Zima hiyo kitu! Nani kaiacha inakoroma hivi?"

"Dada," nikamwambia, "kuzima kumo katika ratiba. Ni kipengele cha mwisho."

Maana hafla ilikuwa imeandaliwa kama inavyopaswa. Sala ya kufungua. Kumtambulisha mwenyekiti. Mwenyekiti kukubali uenyekiti. Hotuba ya mwenyekiti. Kuokoa mafaili. Neno la shukrani. Sala ya kufunga. Kuzima kila kitu. Mwenyekiti alikuwa Mkurugenzi mwenyewe, na aliukubali uenyekiti kwa kirefu sana, tangu babu yake alipokuja mjini, wakati diski ikikohoa kando yake. Ekuwa alimaliza waakye yote akaanza kula kucha.

Ilipofika zamu yake, akaitazama diski, akatikisa kichwa.

"Bosi, huku mbele, kwenye faili lako, pamechubuka vibaya. Tuanze nyuma, kwa walimu. Huku tuje mwisho."

Ukumbi mzima ukamgeukia Mkurugenzi.

"Mimi," alisema Mkurugenzi, "nije baada ya walimu?"

"Diski haikujui wewe ni nani, bosi."

"Itanijua. Bentsil, fungua faili langu."

Nikafungua. Diski ikatoa sauti ambayo sijaisikia tena, kama kijiko kinachokwangua sufuria tupu. Ekuwa akashika kichwa. "Mnaiua! Ikiendelea hivi hapatabaki faili la mtu yeyote!" Mkurugenzi akaniambia nifungue tena, nikafungua tena.

Ndipo Anti Araba aliposimama. Tulikuwa tumemweka safu ya mbele kuwawakilisha wananchi wanaonufaika.

"Mheshimiwa mwenyekiti, naomba nitoe neno la shukrani."

Wakati wake ulikuwa haujafika. Lakini nani, katika mji wetu, atamkatiza mama mtu mzima anayeshukuru?

"Namshukuru Mungu. Namshukuru mwenyekiti. Namshukuru huyu dada wa waakye. Ahsanteni. Bwana Bentsil, baada ya shukrani hufuata nini?"

"Sala ya kufunga, Anti."

"Na baada ya sala?"

"Tunazima kila kitu, kisha soda."

"Haya, tuinamishe vichwa. Baba, tumemaliza. Amina."

"Amina," ukumbi wote ukaitikia, na Mkurugenzi pamoja nao, kwa mazoea. Nikazima.

"Bentsil, umefanya nini? Washa!"

"Mheshimiwa, hafla imefungwa. Ili tuwashe, itabidi tuandae nyingine, na wageni wameshaanza kunywa soda."

Alipogeuka kumtafuta Ekuwa, Ekuwa alikuwa getini, diski ikiwa ndani ya mkoba wake.

Kibandani kwake hakukuwa na sala wala mwenyekiti, na mimi kama mtu wa itifaki nililaani jambo hilo. Aliipumzisha, akaanza kunakili kutoka nyuma taratibu. Siku aliyorudi, alikuwa na kila mtu: walimu, wauguzi, makarani, hata mimi. Faili la Anti Araba lilikuwa na picha yake ya ujana, nywele zimesimama juu kama taji. Aliishika ile picha akalia bila kujificha. Mimi nami macho yaliniwasha, na katika taarifa nikaandika vumbi.

Meza Kuu haikuwa na kitu.

"Hapo mlikuna kila asubuhi mpaka mkatoboa," alisema Ekuwa, akaondoka zake.

Mkurugenzi alikuja juu. "Nifungulie faili jipya, sasa hivi!"

"Bila shaka," nikamjibu. "Nani anaomba?"

Nikamsomea waraka, mpaka chini kwenye sahihi yake. Kisha nikamwomba kwa heshima zote asubiri kwenye benchi la nje, kwani ndani ni kwa watumishi. Akahitaji shahidi mwenye faili. Wafanyakazi wote tuliowauliza walikumbuka ghafla kwamba wako likizo.

Nikaenda kumwita Anti Araba. Alikuwa ameshaanza kupata pensheni yake, na alikuja amevaa kitambaa kipya chenye wanga bado. Tatizo lilikuwa moja: kikao halali kinahitaji mwenyekiti, na siku zote mwenyekiti alikuwa Mkurugenzi. Tukapiga kura. Anti Araba akachaguliwa bila kupingwa, akaketi kwenye kile kiti cha ngozi, akakizungusha kidogo kukijaribu.

Dirishani ukatokea uso wenye jasho.

"Anti! Ni mimi, Ebo! Sema tu kwamba unanijua, tumalize!"

"Ebo, kaa chini. Utaitwa."

Akafungua mkoba, akatoa miwani, akaipangusa, akaivaa. Akatutazama mmoja mmoja.

"Kabla sijaukubali uenyekiti," alisema, "tusimame tuimbe wimbo wa kufungua. Beti zote."