Toleo la Tatu la Zamu na Kabeji za Bi Mwanvita

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Siku kubwa. Asubuhi nimetoa toleo la tatu la Zamu, programu yangu ya kupanga zamu za maji kwenye mfereji wa Mlali. Bustani arobaini na moja, mfereji mmoja, kiangazi. Programu ni huria, maana yake yeyote aichukue bure, aisome ilivyoandikwa, hata airekebishe. Hayo nimeyaeleza kwa kurasa sita. Jumamosi kamati ya mfereji itaamua: Zamu, au daftari la Leonard, aliyekuwa akifundisha jiografia mimi nikifundisha hisabati. Daftari! Mwaka huu!

Jumanne, 9 Septemba
Ripoti ya kwanza ya hitilafu. Nimefurahi mno, programu isiyolalamikiwa haina watumiaji. Bi Mwanvita, mkulima wa kabeji, katuma ujumbe wa sauti: shikamoo mwalimu, zamu mbili zimenipita, kabeji zimelala kama wagonjwa, hiyo programu yako ina kisa gani na mimi? Nikamweleza taratibu kwamba ripoti nzuri hutaja hatua moja moja. Akasema hatua alizopiga ni za kwenda mferejini na kurudi na ndoo tupu. Nikaandika: kosa la mtumiaji.

Jumatano, 10 Septemba
Ripoti saba. Nimepata dawa. Fomu ya maswali ishirini na sita, yote ya lazima, pamoja na mwaka simu iliponunuliwa. Hadi jioni ripoti sifuri. Hitilafu zimekwisha. Nimechora grafu.

Alhamisi, 11 Septemba
Ili kamati isikie maoni ya haki, nimeingia kwenye kundi la simu la wakulima kwa jina la Mkulima Hodari, nikaisifu Zamu. Bi Mwanvita akauliza mbele ya wote mbona Mkulima Hodari ana picha ya Mwalimu Anselmi siku ya kustaafu. Leonard akaongeza kwamba tai imempendeza mkulima. Nimejitoa kundini. Ni mkakati.

Ijumaa, 12 Septemba
Yuliana, katibu wa kamati, ameisoma programu yangu mstari kwa mstari. Heshima kubwa! Ila ameona kosa. Zamu humtambua mkulima kwa jina la baba, kama rejista zetu za shule kwa miaka thelathini. Wenye baba mmoja inawahesabu mtu mmoja. Bi Mwanvita na kaka yake Abdulatif wamechangia baba tu, na huku kwetu Uluguru shamba hufuata upande wa mama, hivyo kila mmoja ana bustani yake. Kwa hiyo kaka anapata maji, dada anapata vumbi. Yuliana akauliza kama mimi si Mluguru. Nikamjibu kwamba shamba langu kanipa mjomba, ndiyo, lakini hayo ni mambo ya ukoo, si ya kompyuta. Ametuma marekebisho ya mstari mmoja: tambua kwa bustani. Nimeyakataa. Hakuambatanisha maelezo.

Jumamosi, 13 Septemba
Kikao Mlali. Nimeeleza kwa saa moja na nusu. Kamati imeipitisha Zamu! Nikasimama kushukuru. Wakaniomba nikae: wamepitisha nakala ya Yuliana, iliyorekebishwa, na msimamizi ni yeye. Nikauliza kwa ruhusa ya nani. Yuliana akafungua maelezo yangu, ukurasa wa nne, akawasomea. Bi Mwanvita hakuwepo. Yuliana alishampa zamu tangu alfajiri, yuko bustanini anamwagilia. Leonard akanipa pole, mzee mwenzake, akasema majina ya bustani wameyatoa kwenye daftari lake.

Jumapili, 14 Septemba
Nimeamka na wazo kubwa kuliko yote. Programu ya zamu za kusafisha kanisa. Nimeiandika nzima kati ya misa na chakula cha mchana. Wanaosafisha sijawauliza, watanichelewesha. Bernadeta, anayewapanga akina mama hao, amepiga simu mara nne. Sijapokea. Nitamweleza yote nikishatoa toleo la kwanza.