Injinia Apima Pikapu

Injinia hakuwahi kusomea uinjinia hata wa kuchonga mwiko. Alivaa ovaroli safi, akaweka kalamu sikioni, basi, watu wenyewe wakampa cheo. Asubuhi hiyo aliiona pikapu ya mama muuza matofali, akameza mate: imeinuliwa juu, matairi mapana, bodi limerefushwa kwa machuma.

"Shikamoo mama. Hii imepimwa uwezo wa kuvuta tela?"

"Marahaba mwanangu. Hilo ndilo linaloninyima usingizi."

Injinia akaingia kazini. Akagonga springi, akasikiliza. Akanusa ekzosi. Akapima urefu wa bodi kwa shubiri, akazidisha kwa umri wa gari, akagawa kwa idadi ya matairi, na la spea akalihesabu, maana yeye si mtu wa kudhulumu tairi. Jibu alikuwa nalo tangu alipotoa salamu.

"Pole, mama yangu. Kilo mia tatu tu. Ukizidisha, unaua watu."

"Ole wangu! Na matofali yangu ni tani nzima! Nifanyeje?"

"Kwa huruma tu, nikuondolee balaa hili. Tubadilishane na pikipiki yangu."

Pikipiki ndiyo iliyokuwa mali yake pekee duniani. Lakini nyuma ya soko muuza kokoto alikuwa akimngoja, maana Injinia alishamwahidi kumuuzia pikapu ya kuvuta tani tatu. Mama alisitasita, akafuta machozi kwa ncha ya kanga, akakubali. Wakapeana kadi na funguo.

Kule nyuma ya soko, muuza kokoto akaifungia pikapu tela lake, limejaa pomoni. "Haya, vuta nione."

Injinia akakanyaga mafuta kwa madaha. Kraa! Yeye na usukani wakaenda mbele. Bodi likabaki nyuma na tela. Muuza kokoto alicheka hadi akakaa chini.

Injinia alirudi kwa miguu, anatweta. "Mama, umenipa mkebe!"

"Si ulipima mwenyewe?" Mama alikuwa anavaa helmeti. "Fundi wa kweli aliipeleka kwenye mizani juzi. Akatoa uzito wa machuma niliyoongeza, akakagua breki, akaona chasisi ilivyoungwaungwa. Akasema isivute hata tela tupu. Wewe ukaipa mia tatu! Nikajua Mungu kaniletea mteja."

Akapiga kiki, pikipiki ikaitika. Injinia akatazama jua, akatazama njia ya kwao ilivyo ndefu, akameza aibu.

"Basi mama, nipe lifti."

Mama akamtazama kuanzia utosini hadi unyayoni.

"Una kilo ngapi, mwanangu?"