Ishirini na Nane ni Ishirini na Nane

Jumatatu, tarehe 4

Balaa! Mke wangu yuko semina ya wakunga hadi Ijumaa. Aliacha agizo moja tu: baiskeli yake isiguswe. Sikuigusa. Niliipanda. Kwenye kona ya shule nikafunga breki kwa mbwembwe, watu waone. Wakaona. Tairi la nyuma limechanika ubavuni, la mbele nalo ni kipara. Jumamosi alfajiri ana zamu, na mtoto anayetaka kuzaliwa hangoji tairi.

Fundi baiskeli mtaani ni mmoja: kaka yake. Mungu wangu!

Jumanne, tarehe 5

Nimemwendea shemeji kwa akili. Nikasema kuna rafiki yangu, simtaji jina, ana baiskeli chotara, ile ya nusu lami nusu vumbi, anatafuta matairi. Shemeji akauliza huyo rafiki alichanaje. Nikasema sikuwepo.

Akasema rafiki asome namba ndogo ubavuni, 40-622. Arobaini ni unene, 622 ndiyo kipenyo cha rimu. Akaonya kwamba ishirini na nane ziko za aina nyingi, zisimdanganye. Nikaitikia kwa adabu, moyoni nacheka. Ubavuni pameandikwa 28 waziwazi! Ishirini na nane ni ishirini na nane. Mafundi hukuza mambo ili tuwaogope.

Jumatano, tarehe 6

Nimenunua 28 mbili, za yale mabaiskeli makubwa ya mizigo. Zimeingia zenyewe, bila hata kusukumwa kwa mpini wa kijiko! Nikajisifu. Nilipojaza upepo, tairi likatoka kwenye rimu, tyubu ikachungulia, ikalia paa! Kuku wa jirani hawajarudi.

Sikukata tamaa. Nimetia tyubu nyingine, nikachana shuka kuukuu, nikaviringisha vipande kwenye rimu kuziba nafasi. Baiskeli ikaenda kwa kurukaruka hadi getini, ikagoma. Baadaye nimegundua shuka halikuwa kuukuu.

Alhamisi, tarehe 7

Haya, 622. Nimekubali, kwa shingo upande. Ila unene nimechagua mwenyewe: 57. Kinene hudumu. Yameingia kwenye rimu vizuri kabisa! Kisha gurudumu likakataa kupita kwenye fremu. Nimeng'oa madigadi. Wapi! Nimelikwangua tairi kwa msasa. Wapi! Nimepaka mafuta ya kupikia ili liteleze. Mwenye duka amenirudisha nayo, anasema hapokei matairi yaliyokaangwa. Naogopa kweli sasa.

Ijumaa, tarehe 8

Mke wangu amerudi saa sita. Shemeji alikuwa ameshakaa uani, matairi mawili ya 40-622 begani. Kumbe alimpigia dada yake simu Jumanne ileile! Chotara mtaa mzima ni moja. Akayafunga, akarudisha madigadi, akanywa maji, akaniomba nimsalimie rafiki yangu.

Mke wangu hakufoka. Afadhali angefoka. Aliuliza tu kama huyo rafiki ana pa kulala leo, maana shuka lake limekatwa vipande. Nimeona aibu hadi kwenye kucha.

Jumamosi, tarehe 9

Alitoka alfajiri, baiskeli kimya kama paka. Mtoto amezaliwa salama, wa kike. Nimefurahi sana, nikaapa kumfidia mke wangu.

Somo nimelipata: kosa langu lilikuwa kumuuliza shemeji. Pasingekuwa na simu, ningefaulu.

Jioni hii nimeona mnyororo umechakaa. Nitambadilishia kimyakimya kabla ya zamu ya Jumatatu. Dukani wameniuliza ni wa gia ngapi. Gia! Mnyororo ni mnyororo.